Ngozi, Joto na Chandarua Kandoni mwa Mweru (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi mwili unavyojipoza kwa jasho. Leo tuingie ndani ya nyumba, kwa maana ndiko ngozi laini inakoumia zaidi. Ziwa Mweru liko chini kuliko Lusaka kwa zaidi ya mita 300, ndiyo maana joto la Oktoba katika Nchelenge, Kashikishi na bonde la Luapula hadi Mofwe ni kali. Hata hivyo, kwa ngozi kipindi kibaya zaidi ni pale mvua za kwanza zinapoanza ilhali joto halijapungua. Hewa ikishajaa unyevu, jasho halikauki. Tabaka la juu la ngozi huloa, huvimba na kuziba vijia vya jasho. Jasho lililokosa njia huvujia ndani ya ngozi, na hapo hutokea vipele vya harara shingoni, kifuani na mgongoni. Watoto wachanga huathirika upesi kwa kuwa vijia vyao havijakomaa. Chanzo kikiwa hicho, nadai kwamba tiba ya kwanza ya harara ni hewa, na ya dukani ifuate baadaye.

Wengi watapinga kwamba ngozi inayowasha yahitaji mafuta, na mama zetu wamepaka watoto mafuta ya mgando miaka yote. Hoja hii ina ukweli wake, lakini inachanganya maradhi mawili. Pumu ya ngozi huonekana kama mabaka makavu, yenye magamba, mara nyingi kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Hiyo kweli yataka mafuta, tena kila baada ya kuoga. Harara haina ukavu, na mafuta mazito huzidi kuziba vijia ambavyo tayari vimezibwa. Mtoto mwenye harara aogeshwe kwa maji ya baridi kiasi, akaushwe kwa kuguswaguswa na kitambaa bila kusuguliwa, kisha avalishwe pamba nyepesi au aachwe wazi. Sabuni ya mche itumike kidogo tu, kwa sababu ukali wake huiondolea ngozi tindikali yake ya asili.

Pingamizi zito zaidi kwa hoja yangu ya hewa ni la chandarua. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria nyingi kabisa, na mbu wake mkuu, Anopheles funestus, huuma zaidi usiku wa manane ndani ya nyumba. Watu husema chandarua kinaongeza joto na kinawasha, na malalamiko yote mawili ni ya kweli: nyuzi hupunguza upepo, na dawa iliyomo ndani ya chandarua kipya huweza kuchokoza mishipa ya fahamu ya ngozi, uso ukachonyota. Kuchonyota huko hupungua sana chandarua kikianikwa kivulini kwa siku nzima kabla ya kutumiwa. Kivulini, nasisitiza, kwa kuwa jua huharibu dawa. Kikichafuka, kifuliwe kwa sabuni ya mche. Sabuni ya unga na dawa ya madoa huiondoa dawa hiyo. Anayekitupa kando ili apoe anabadilisha muwasho wa siku chache kwa homa inayoua watoto.

Joto lenyewe likabiliwe juu na pembeni mwa nyumba. Bati tupu hulimeza jua mchana kutwa na kulimimina chumbani. Dari ya mikeka au ya mbao, hata ya bei nafuu, hukata sehemu kubwa ya joto hilo. Madirisha mawili yanayotazamana, yakiwekwa wavu wa mbu, hupitisha upepo wa ziwani bila kuwakaribisha mbu. Najua wavu una gharama, na nyumba nyingi zina dirisha moja dogo. Basi mwenye nyumba aanze na chumba wanamolala watoto. Na vipele vikitoa usaha, au mtoto akipata homa, asikandwe nyumbani: apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.