Je, Wajua? Mshahara Mashine Zinaponyamaza

Je, wajua kuwa mkoani Singida kazi nyingi za vibarua hufuata alizeti? Mavuno yakishika kasi, magunia husongamana kwenye mashine za kukamua, toka Singida mjini hadi Iramba na Mkalama, na watu wa kupakia, kukamua na kufunga mashudu hupata riziki. Mbegu zikiisha, mashine hunyamaza. "Pumzikeni kwanza, tutawaita," husema mwenye kiwanda. Hajakufukuza, na wala hajakulipa.

Je, wajua kuwa kibarua wa msimu naye ana haki ya likizo yenye malipo? Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamnyima likizo hiyo aliyefanya kazi chini ya miezi sita, lakini kinamwondoa kwenye katazo hilo aliyeajiriwa kwa msimu. Hata asiye wa msimu, akiitwa zaidi ya mara moja kwa mwaka na mwajiri yuleyule, vipindi vyake hujumlishwa. Vikizidi miezi sita, haki anayo. Natamani kifungu hiki kingebandikwa kwenye lango la kila kiwanda cha mafuta, maana wanaokihitaji zaidi ndio hawajawahi kukisikia. Likizo ya mwaka ni siku 28, na sheria inataka malipo yake yatolewe kabla mtu hajaondoka.

Je, wajua kuwa anayetuhumiwa kosa kubwa anaweza kuwa na nafuu kuliko asiye na kosa? Kanuni za mwaka 2007 za sheria hiyohiyo zinamruhusu mwajiri kumsimamisha mtuhumiwa wakati wa uchunguzi, ila kwa mshahara kamili. Aliyeambiwa "pumzika" kwa sababu alizeti imekwisha hurudi nyumbani mikono mitupu. Hili linaniuma.

Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, una fao la upotevu wa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Lakini fao hilo ni la aliyepoteza kazi. Anayesubiri kuitwa bado yumo kwenye daftari la mwajiri, kwa hiyo yuko katikati: kazi hana, na fao hapati.

Wenzetu waliliziba pengo hilo. Ujerumani ilianza mwaka 1910, kwenye migodi ya chumvi ya potasiamu, kuwafidia wafanyakazi waliopunguziwa saa za kazi. Uingereza, wakati wa korona, serikali ililipa asilimia 80 ya mshahara wa waliopumzishwa, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango huo ulianza Machi 2020 na kufungwa Septemba 30, 2021.

Je, wajua kuwa dai la mshahara lina muda wake? Hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kwa hiyo tarehe ile ya "pumzikeni" iandikwe siku hiyohiyo, na mwajiri aombwe aithibitishe kwa maandishi.

Siku zisizolipwa si jambo jipya. Enzi za mkoloni, Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge walilipwa kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, kila siku na alama yake. Siku isiyo na alama haikuhesabiwa, hata kama mtu aliamkia palepale kambini.