Uzi Mwembamba Uharibuo Injini za Mashua

Wavuvi wa Port Victoria, Sio Port na pwani zote za Bunyala hawategemei tena makasia na tanga peke yake. Mashua nyingi leo zina injini ya kutungikwa nyuma, na samaki aliyefika pwani alfajiri huweza kuwa sokoni Busia kabla jua halijawa kali. Mchuuzi wa Malaba, ambako hakuna ziwa, huenda asijue kwamba kapu lake limekosa samaki leo kwa sababu ya uzi usiozidi unene wa unywele wa singa. Lakini mara nyingi ndivyo ilivyo.

Injini ya namna hii ina mguu mrefu uliozama majini. Katika ncha ya chini ya mguu huo mna sanduku la gia, ambalo huupokea mzunguko utokao juu na kuupeleka kwenye mhimili wa rafadha, yaani lile panga la kusukumia maji ambalo wengi huliita propela. Gia hizo huogelea katika mafuta mazito. Mahali mhimili utokapo sandukuni pamewekwa pete za mpira, ziitwazo sili, ambazo huyazuia mafuta yasitoke na maji yasiingie. Mdomo wa pete hizo ugusao chuma ni laini na mwembamba.

Basi mashua ipitapo juu ya wavu au mshipi, uzi hunaswa na rafadha, ukajizungusha kati ya rafadha na sanduku la gia, mahali pasipoonekana. Injini haizimiki, wala mvuvi haoni dalili yo yote. Kila mzunguko huukaza uzi zaidi, hata ukaingia kwenye sili na kuukata ule mdomo wa mpira. Tangu siku hiyo mafuta hutoka kidogo kidogo, nayo maji huingia mahali pake. Mafuta yaliyochanganyika na maji hayawezi kulainisha chuma vema. Beringi hushika kutu, meno ya gia hulika, na siku moja, mbali na pwani, injini inanguruma lakini mashua haiendi. Ziwa Victoria lina tufani ziinukazo ghafula, na mashua isiyoweza kuelekeza uso wake kwenye mawimbi hupigwa ubavuni. Hapo si mali tu iliyo hatarini.

Wazee walivua bila shida hii. Nyavu za kutega zilipoletwa katika Ghuba ya Kavirondo mwaka 1905, ghuba iitwayo sasa Winam, zilikuwa za kitani, nacho kitani huoza majini. Nailoni ilianza kuenea ziwani katika miaka ya 1950, nayo haiozi. Kipande kilichokatika leo chaweza kunasa rafadha ya mtu mwingine miaka mingi baadaye. Sangara naye, ambaye alitiwa ziwani miaka ile ile, amewaleta watu kwenye mishipi mirefu ya ndoana nyingi. Wavu wa uzi mmoja wa plastiki, uliopigwa marufuku nchini Kenya, ndio mbaya kupita zote, kwa kuwa ni mgumu na hauonekani majini. Na ni nani awezaye kuona kipande cha wavu kilichofichwa na gugu-maji?

Uzi ukinasa, zima injini mara moja. Usijaribu kuufungua kwa kurudisha mashua nyuma kwa nguvu, maana huenda ukaukaza zaidi. Inua mguu, uchomoe kamba ya usalama ili injini isiweze kuwaka mkono ukiwa karibu na rafadha, kisha ukate uzi kwa kisu. Usidhani kazi imekwisha. Ule uzi ulioonekana si ndio wenye hatari. Ufikapo pwani ondoa pini na nati, uivue rafadha yenyewe, utazame mhimili kwa makini na kuondoa kila unywele wa nailoni. Kabla ya kuirudisha, paka mhimili grisi isiyoondolewa na maji, uziweke washa kwa utaratibu ule ule uliozikuta, na utie pini mpya. Kwa maoni yetu, mashua ifanyayo kazi kila siku kati ya nyavu inastahili kutazamwa hivyo kila juma, hata kama hakuna uzi ulioonekana kunasa.

Mafuta ya gia nayo husema kweli yakiulizwa. Iache injini imesimama wima usiku kucha. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, yatakaa chini. Asubuhi legeza kidogo skrubu ya chini ya sanduku. Yakitangulia matone ya maji, au mafuta yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Huenda kosa ni la washa ndogo ya skrubu iliyochakaa, nayo ni rahisi kubadilishwa. Kama sivyo, sili zitazamwe. Kubadilisha mafuta peke yake bila kuziba njia ya maji ni kutupa fedha ziwani.

Sili hubadilishwa zote pamoja. Fundi atazame kwanza jinsi zile za zamani zilivyoelekea, kwani ikigeuzwa moja maji yataingia tena. Mwenye injini na achukue sili ya zamani mkononi aendapo Busia kununua nyingine, kwa maana nyingi hufanana kwa macho na kutofautiana kwa kipimo. Tena mhimili upapaswe kwa ukucha: kama umechimbika mfereji, sili mpya haitadumu. Mafuta mapya hutiwa kutoka tundu la chini, tundu la juu likiwa wazi, mpaka yafurike juu. Kisha hufungwa la juu kwanza, na la chini upesi. Ayamwagaye kutoka juu hufungia hewa ndani, akadhani limejaa.

Injini iliyozama yote ni habari nyingine. Ikiwa ilikuwa ikizunguka ilipozama, au mchanga umeingia, usivute kamba kwa nguvu, kwani maji hayashindiliki, na huenda mkono wa pistoni umepinda. Ioshe kwa maji safi, toa plagi, geuza matundu yake yaelekee chini, na kuizungusha taratibu mpaka maji yaishe. Kausha nyaya, mwaga petroli yote ya tangi na kabureta, tia mafuta kidogo ndani ya silinda, kisha jaribu kuiwasha siku ile ile. Ile yenye mafuta yake ya injini peke yake, yasiyochanganywa na petroli, ibadilishwe mafuta hayo kabla ya kuwashwa, na tena baada ya kuwashwa, mpaka yatoke bila weupe. Ikiwa fundi yuko mbali, lililo jema ni kuizamisha tena katika maji safi mpaka atakapopatikana. Watu hushangaa waambiwapo hivyo, lakini chuma kilicholowa hushika kutu upesi zaidi kikiachwa hewani kuliko kikiwa chini ya maji.