Kabla ya Kufungua Banda: Maandalizi ya Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki kwa Maonyesho ya Udahili Jijini Juba

Ikisiri

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Tangu hapo, kijana wa Juba anayetafuta chuo kikuu Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni raia wa Jumuiya ileile, ingawa vyuo vingi bado humhesabu kuwa mwanafunzi wa kigeni. Makala hii inafafanua namna chuo kikuu cha ukanda huu kinavyoweza kupanga ushiriki wake katika maonyesho ya udahili jijini Juba. Hoja kuu ni kwamba mafanikio ya maonyesho hupimwa kwa idadi ya wanafunzi wanaofika darasani na kubaki, wala si kwa wingi wa fomu zinazojazwa. Idadi hiyo hutegemea zaidi mambo matatu yanayopaswa kukamilishwa kabla ya safari, yaani ulinganifu wa vyeti, utaratibu wa ada na lugha ya maelezo. Makala inahitimishwa kwa mapendekezo kwa vyuo na kwa mamlaka za elimu ya juu.

1. Utangulizi

Vyuo vikuu vya Tanzania vina uzoefu mkubwa wa maonyesho ya ndani ya nchi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huandaa Maonyesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Mhitimu wa kidato cha sita hufika na matokeo yake, hupewa ushauri, na huweza kuomba udahili papo hapo. Utaratibu huo huwezekana kwa sababu ofisa aliye bandani na kijana aliye mbele yake wanaifahamu karatasi iliyo mezani kwa namna moja. Mtihani wao ni mmoja, madaraja ya ufaulu yanajulikana, na sarafu na lugha ni zilezile.

Jijini Juba, kila moja kati ya mambo hayo ni swali linalosubiri jibu. Chuo kinacholihamishia huko banda la Mnazi Mmoja bila kulibadili kinaweza kurudi na orodha ndefu ya majina na wanafunzi wachache mno. Hasara hiyo haikipati chuo peke yake. Familia iliyouza mifugo au iliyochangiwa na ndugu walio ughaibuni inaweza kugundua, baada ya kijana wake kuvuka mpaka, kwamba cheti chake hakimruhusu kuanza shahada aliyoahidiwa.

2. Muktadha wa Juba

Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975 na kikaanza kufundisha mwaka 1977. Vita vilipopamba moto, kilihamishiwa Khartoum mwishoni mwa miaka ya 1980, na kurejea kwake kulikamilika katika kipindi cha uhuru wa Sudan Kusini, uliotangazwa tarehe 9 Julai 2011. Chuo Kikuu cha Upper Nile, ambacho makao yake ni Malakal, nacho kililazimika kuhamishia masomo Juba baada ya mapigano yaliyoanza Desemba 2013. Kwa vizazi viwili, kwa hiyo, elimu ya juu ya watu wa nchi hii imeambatana na kuhama.

Sehemu ya uhamaji huo imeelekea Afrika Mashariki. Kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992 na kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na makazi ya Bidi Bidi nchini Uganda yalifunguliwa mwaka 2016. Vijana wengi wamesoma katika shule za Kenya na Uganda na kufanya mitihani ya taifa ya nchi hizo. Vyuo vya Uganda vinanufaika pia na ukaribu, kwani barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba hadi mpaka wa Nimule ilizinduliwa mwaka 2012. Vyuo vya Tanzania, vilivyo mbali zaidi, havina urithi huo, na ndivyo vinavyohitaji zaidi mpango wa makusudi.

Mazingira ya kisheria yanatoa matumaini. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawahusisha wanafunzi katika uhuru wa watu kusafiri, na inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki (IUCEA), lenye makao yake Kampala, limeratibu mfumo wa sifa za elimu ya juu uliopitishwa mwaka 2015. Mwaka 2017 wakuu wa nchi waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Hata hivyo, mfumo wa pamoja hauondoi mamlaka ya kila nchi kuamua cheti kipi kinalingana na kipi. Pengo kati ya tamko la Jumuiya na uamuzi wa mamlaka ya nchi ndilo linalojitokeza bandani.

3. Vyeti vinne juu ya meza moja

Katika banda la Juba, ofisa wa udahili anaweza kuletewa vyeti vya mifumo minne katika asubuhi moja. Cha kwanza ni cheti cha sekondari cha Sudan Kusini, kinachopatikana baada ya miaka 8 ya shule ya msingi na 4 ya sekondari. Cha pili ni cheti cha Sudan, ambako kwa muda mrefu sekondari ilikuwa ya miaka 3 baada ya miaka 8 ya msingi. Vita vilivyozuka Khartoum Aprili 2023 viliwarejesha nyumbani raia wengi wa Sudan Kusini, wakiwamo vijana waliosoma kwa Kiarabu na wenye cheti hicho. Cha tatu ni cheti cha sekondari cha Kenya cha mfumo wa 8-4-4, hasa kwa waliosomea Kakuma na Nairobi. Cha nne ni cheti cha Uganda, cha kiwango cha kawaida au cha juu.

Tofauti hizi zina uzito. Shahada za kawaida nchini Kenya zimejengwa juu ya miaka 4 ya sekondari, hivyo miaka ya masomo ya kijana wa Sudan Kusini inaoana na mfumo huo. Tanzania na Uganda zina miaka 2 ya ziada ya sekondari ya juu kabla ya shahada, ambayo kwa kozi nyingi huchukua miaka 3. Kwa sababu hiyo, kijana yuleyule mwenye ufaulu uleule anaweza kuonekana amekamilika Nairobi na amepungukiwa Dar es Salaam au Kampala. Kilichopungua ni miaka ya mfumo, na uwezo wake unabaki palepale.

Njia za kuziba pengo zipo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi inayomwandaa mwanafunzi kuingia shahada, Uganda ina cheti cha elimu ya juu chenye madhumuni kama hayo, na stashahada ni njia nyingine inayotambuliwa. Tatizo huzuka pale njia hiyo inapotajwa baada ya mwanafunzi kufika. Mwaka mmoja wa ziada una ada, kodi ya chumba na chakula, na familia ina haki ya kuujua kabla ya kutoa fedha.

Kwa mantiki hiyo, maandalizi ya awali yana hatua tatu. Kwanza, chuo kiwasilishe kwa mamlaka husika sampuli za vyeti vyote vinne na kupata jibu la maandishi. Kwa Tanzania, ulinganifu wa vyeti vya sekondari hushughulikiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na vigezo vya udahili husimamiwa na TCU. Kwa Uganda, kazi hizo zimo mikononi mwa Baraza la Mitihani la Uganda na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Pili, majibu hayo yageuzwe kuwa jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha kila cheti kinamfikisha mwenye nacho wapi. Tatu, msafara uwe na mtu mwenye mamlaka ya kutoa mojawapo ya majibu matatu kwa maandishi: mwombaji amekidhi vigezo, amekidhi kwa masharti yanayotajwa, au hajakidhi na njia iliyo wazi kwake ni hii.

Lipo pia suala la nyaraka zilizopotea. Mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yaliwafanya watu wengi kukimbia bila karatasi zozote. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2019 kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, ulioanza kutumika Machi 2023, unahimiza tathmini ya haki kwa wakimbizi na waliohamishwa hata pale ushahidi wa nyaraka unapokosekana. Chuo kinaweza kuweka utaratibu wake wa mtihani wa ndani au usaili wa kitaaluma, ilimradi mamlaka ya nchi iwe imeuridhia mapema.

4. Ada na mlipaji asiyeonekana

Pauni ya Sudan Kusini ilianza kutumika Julai 2011. Serikali ilipoiacha ielee Desemba 2015, thamani rasmi ya dola moja ilipanda kwa siku moja kutoka takribani pauni 3 hadi zaidi ya 18, na imeendelea kupanda. Mapato ya serikali hutegemea mafuta kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2024, bomba linalopitia Sudan lilipoharibika, watumishi wa umma walikaa miezi mingi bila mishahara. Mzazi ambaye ni mwalimu au askari hawezi kuahidi ada ya dola kwa miaka 3 kwa kutegemea mshahara wake.

Hivyo, mara nyingi mlipaji ni ndugu aliyeko Australia, Kanada au Marekani, naye hayupo bandani. Kipeperushi kinachobaki mkononi mwa kijana hakimfikii mtu huyo. Kinachohitajika ni karatasi fupi inayoweza kupigwa picha kwa simu na kutumwa. Karatasi hiyo itaje jumla ya gharama zote hadi kuhitimu, akaunti rasmi ya chuo na namna ya kuthibitisha kwamba chuo kina ithibati. Mpango wa kulipa kwa awamu, pamoja na sharti la wazi la kurejesha fedha endapo safari itakwama, humpa mlipaji sababu ya kukiamini chuo.

Chuo pia kiamue, kabla ya kusafiri, kama raia wa Sudan Kusini atalipa ada ya mwenyeji wa Jumuiya au ya mgeni. Ofisa asiyekuwa na jibu la swali hilo huonekana kama mtu asiyejua kwamba nchi aliyoizuru ni mwanachama.

5. Lugha ya maelezo

Katiba ya mpito ya mwaka 2011 iliifanya lugha ya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na kuzitambua lugha zote za wenyeji kuwa lugha za taifa. Mitaani, Kiarabu cha Juba ndicho kinachounganisha watu wengi. Kiswahili kimeingia kupitia biashara na kupitia waliorejea kutoka Kenya na Uganda. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kifaransa.

Hali hii inavitaka vyuo viepuke mawazo mawili yaliyo rahisi, yaani kudhani kwamba Kiingereza kinatosha kwa kila mgeni wa banda, na kudhani kwamba Kiswahili kinaeleweka na wote. Kijana anaweza kuuliza kwa Kiingereza, lakini mama yake anayetaka kujua usalama wa bweni la wasichana akauliza kwa Kiarabu cha Juba. Msafara usio na mtu wa kumjibu mama huyo unampoteza msichana aliyekidhi vigezo vyote. Kwa upande mwingine, kozi fupi ya Kiswahili kabla ya masomo ni huduma ambayo vyuo vya Tanzania vinaweza kuitoa kwa ubora mkubwa. Mwanafunzi huihitaji sokoni, hospitalini na katika mafunzo kwa vitendo, hata kama darasani anafundishwa kwa Kiingereza.

6. Mawakala, kalenda na bajeti

Vyuo vingine hupendelea kumtumia wakala wa mjini. Njia hiyo hupunguza gharama, lakini wakala anayelipwa kwa kila jina ana sababu ya kuahidi zaidi ya kilichopo. Mwaka 2012, Australia, Ireland, New Zealand na Uingereza zilikubaliana kuhusu misingi ya maadili ya mawakala wa elimu, ikiwamo uwazi na taarifa sahihi. Afrika Mashariki inaweza kuwa na misingi yake. Kwa kuanzia, wakala alipwe baada ya mwanafunzi kumaliza muhula wa kwanza, na asipokee ada kwa niaba ya chuo.

Kalenda nayo ina masharti yake. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto kali, na mvua za Aprili hadi Novemba huathiri safari za waombaji wanaotoka majimboni. Tarehe za mitihani na matokeo zithibitishwe na wizara ya elimu ya Juba kabla ya kupanga siku ya maonyesho. Matokeo yakitoka baada ya dirisha la udahili kufungwa, banda litakuwa limeajiri matumaini ya mwaka unaofuata.

Kuhusu bajeti, ichukuliwe kwa mfano wa kubuni kwamba msafara wa maofisa watatu unagharimu dola 12,000. Fomu 400 zikijazwa, kila fomu imegharimu dola 30, na ripoti itapendeza. Lakini iwapo wenye sifa ni 80, wanaolipa ni 20 na wanaofika mwaka wa pili ni 15, gharama halisi ni dola 800 kwa kila mwanafunzi. Takwimu hii ya mwisho ndiyo inayopaswa kufika kwenye seneti ya chuo, kwa kuwa inaonyesha pia ni hatua ipi iliyowapoteza wengi. Wakipotea kati ya fomu na sifa, kasoro iko katika maelezo ya vyeti. Wakipotea kati ya sifa na malipo, kasoro iko katika ada. Wakipotea baada ya kufika, kasoro iko katika mapokezi.

7. Hitimisho na mapendekezo

Mjadala huu unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi ya maonyesho ya Juba hufanyika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, miezi kadhaa kabla ya safari. Kwa vyuo, inapendekezwa kwamba pasiwe na msafara unaoondoka bila jedwali la ulinganifu lililoidhinishwa, karatasi ya gharama zote hadi kuhitimu, mtu anayezungumza Kiarabu cha Juba, na ofisa mwenye mamlaka ya kuamua. Aidha, ofisa huyo abaki na jukumu la kuwafuatilia waombaji hadi mwisho wa mwaka wa kwanza.

Kwa mamlaka za nchi na kwa IUCEA, inapendekezwa kuandaliwa jedwali moja la ulinganifu wa vyeti vya sekondari vya nchi wanachama, likiwamo suala la cheti cha Sudan kwa raia wa Sudan Kusini, na lichapishwe kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Jedwali hilo likiwapo, mzazi wa Juba ataweza kujua cheti cha mwanawe kinamfikisha wapi kabla ya kutoa fedha, na hatalazimika kutegemea neno la wakala.