Mama Aliyeshika Daftari la Timu

Zinapokuja habari za michezo, akina mama wengi tunageuza ukurasa. Tunasema mpira ni mambo ya baba na vijana, sisi yetu ni kufua jezi zikirudi na matope. Leo nakuomba, mama mwenzangu, usigeuze kwanza. Nataka nikusimulie habari za timu moja ya huko Marekani iliyoitwa Newark Eagles, yaani Tai wa Newark. Timu hiyo ilikuwa mali ya mume na mke, lakini aliyeiendesha siku kwa siku alikuwa mke. Jina lake Effa Manley.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, mwenzake huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Wamarekani wanaupenda kama sisi tunavyopenda kandanda. Lakini tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwaka 1947, ligi kubwa za mchezo huo hazikumpokea mchezaji mweusi. Wenye timu walielewana tu kimya kimya, na ikawa hivyo kwa miaka zaidi ya 50. Ndipo weusi wakaanzisha timu zao na ligi zao.

Effa alizaliwa Philadelphia mwaka 1897. Alilelewa katika nyumba ya watu weusi, na ingawa uzeeni alisema kuwa waliomzaa walikuwa wazungu, maisha yake yote aliishi kama mtu mweusi. Mwaka 1933 aliolewa na Abe Manley, bwana aliyemzidi umri na aliyekuwa na fedha. Fedha hizo zilitokana na bahati nasibu isiyo halali. Sisemi hivyo kwa kuisifu. Ndivyo ilivyokuwa, na wenye timu kadhaa za weusi walipata mtaji wao kwa njia hiyo hiyo, kwa maana milango mingine mingi ilikuwa imefungwa.

Kabla ya habari za mpira, Effa alikuwa amekwisha kujulikana Harlem. Huko kulikuwa na duka kubwa liitwalo Blumstein ambalo wanunuzi wake wengi walikuwa weusi, lakini halikukubali kumwajiri msichana mweusi kuwa muuzaji. Mwaka 1934 Effa na wenzake waliwahimiza watu wasinunue hapo, wakasimama mbele ya mlango na mabango. Baada ya wiki kadhaa mwenye duka alikubali.

Mume na mke

Mwaka 1935 Abe alianzisha timu huko Brooklyn. Mwaka uliofuata waliihamishia Newark, jimbo la New Jersey, wakaiunganisha na timu nyingine waliyoinunua. Kazi waligawana hivi: Abe alitafuta wachezaji na kusafiri nao ndani ya basi, kwa kuwa alipenda mchezo na alipenda kukaa na vijana. Mengine yote yalikuwa ya Effa. Aliandika mikataba, alilipa mishahara, alipanga ratiba na safari, alinunua vifaa, alijibu barua, alibishana na wenye viwanja. Abe alipochaguliwa kuwa mweka hazina wa ligi, kazi ya daftari aliifanya mkewe. Barua na hesabu zake zimehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya mji wa Newark, na anayezisoma anaona wazi kwamba hata senti iliyopotea aliiulizia.

Katika mikutano ya wenye timu alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume, na baadhi yao walinung'unika kwamba mwanamke anasema mno. Aliendelea kusema. Alitaka ligi iwe na msimamizi asiyekuwa na timu yake mwenyewe, na mikataba iheshimiwe. Laiti wangemsikiliza mapema, maana jambo hilo la mikataba ndilo lililokuja kuwaumiza wote.

Effa aliutumia uwanja pia kwa mambo mengine. Alikuwa mweka hazina wa tawi la Newark la chama cha kutetea haki za weusi, NAACP. Mwaka 1939 walifanya siku maalumu ya kupinga mauaji ya weusi yaliyofanywa na makundi ya watu bila hukumu ya mahakama, na walioongoza watazamaji kwenye viti walivaa mishipi yenye maneno ya kupinga mauaji hayo.

Kilele cha timu kilikuwa mwaka 1946. Vijana walikuwa wamerudi kutoka vitani. Leon Day, mrushaji, alianza msimu kwa mchezo ambao wapinzani hawakuweza kupiga hata mpira mmoja wa kuwafikisha kituoni. Walikuwako Larry Doby na Monte Irvin, na kocha wao Biz Mackey. Mwishoni walikutana na Kansas City Monarchs, timu ya Satchel Paige aliyesifika nchi nzima, wakaishinda michezo minne kwa mitatu. Mchezo wa saba uliisha 3 kwa 2.

Furaha iliyoleta hasara

Mwaka huo huo timu ya wazungu ya Brooklyn Dodgers ilimchukua Don Newcombe, mrushaji kijana wa Effa, bila kulipa hata senti. Bwana Branch Rickey, aliyeiongoza Dodgers, alikuwa amemchukua Jackie Robinson kutoka Monarchs kwa njia hiyo hiyo. Robinson alipoingia uwanjani Aprili 15, 1947, weusi wa Marekani walishangilia, na Effa naye alifurahi kwamba ukuta umebomoka. Lakini yeye ndiye aliyelea, kulipa na kufundisha, na sasa mwingine anavuna bila kusema hata asante. Naona alikuwa na haki ya kukasirika, ingawa wako waliomwona mchoyo.

Bill Veeck wa Cleveland alipomtaka Larry Doby kati ya msimu wa 1947, alikuwa na adabu ya kupiga simu. Alitaja dola 10,000. Effa alimwambia waziwazi kwamba kama Doby angekuwa mzungu angetoa dola 100,000. Akakubali hata hivyo, kwa kuwa hakutaka kumzuilia kijana njia, ila alipata ahadi ya dola 5,000 zaidi endapo Doby angebaki katika timu. Doby alibaki. Tangu hapo ikawa desturi kulipia wachezaji wanaotoka timu za weusi.

Watazamaji, hata hivyo, waliwafuata vijana wao. Mwaka 1946 walioingia uwanjani Newark walipita laki moja. Miaka miwili baadaye walibaki kama 35,000. Mwishoni mwa 1948 Effa na Abe waliiuza timu, ikahamia Houston. Monte Irvin alikwenda New York Giants kwa dola 5,000, na kwa fungu lake Effa alijinunulia mtandio wa manyoya ambao aliuvaa miaka mingi. Abe alifariki mwaka 1952.

Effa aliishi hadi 1981. Uzeeni aliwaandikia barua wakuu wa Jumba la Heshima la Besiboli kule Cooperstown akiwadai wawaingize wachezaji weusi waliosahauliwa. Irvin aliingia akiwa yeye bado hai, mwaka 1973. Day aliingia 1995, Doby 1998. Kocha Mackey aliingia mwaka 2006, siku moja na Effa mwenyewe, mwanamke wa kwanza na hadi leo wa pekee katika jumba hilo.