Kelele za darasa la nne Koboko zilinifunza ualimu

NILIPANGIWA shule moja ya msingi wilayani Koboko mwaka 2011, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu. Nilipanda teksi Arua alfajiri. Baada ya zaidi ya kilomita 50 za barabara ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi, nilishuka nikiwa mwekundu kuanzia nywele hadi viatu.

Nikakabidhiwa darasa la nne, wanafunzi 118. Tangu elimu ya msingi bila ada ianze Uganda mwaka 1997, wanafunzi nchini waliongezeka kutoka milioni tatu hivi hadi zaidi ya milioni tano, na madarasa ya namna hiyo yakawa jambo la kawaida. Kila nilipogeukia ubao, nyuma yangu palikuwa soko. Wapo waliotupiana maganda ya miwa, wapo waliotokea dirishani. Nilipaza sauti hadi ikakauka.

Wiki ya pili nilishika fimbo, ingawa nilijua kuwa Wizara ya Elimu ilikataza viboko shuleni kwa waraka wa mwaka 2006. Kulikuwa na mvulana mmoja wa nyuma ambaye mdomo wake haukufungwa. Nilimwita mbele, nikamchapa vitatu. Hakulia. Alirudi akakaa kimya, na upande wake wote ukaacha kuandika.

Wakati wa chai, mwalimu mmoja, mama aliyekuwa pale miaka mingi, aliniita pembeni.

"Mwanangu, unajua umempigia nini yule mtoto? Alikuwa akiwatafsiria wenzake."

Nilikosa la kusema. Kwa mtaala ulioanza mwaka 2007, darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya nyumbani. Darasa la nne ndio mwaka wa kuhamia Kiingereza. Koboko ni kwa Wakakwa. Mimi natoka Arua, lugha yangu ni Kilugbara. Humo darasani walikuwamo pia watoto wa Kiaringa kutoka Yumbe, na wengine ambao jamaa zao wako ng'ambo ya mpaka, Kongo na Sudan Kusini. Kiingereza changu kilipita juu ya vichwa vyao. Mtoto asiyeelewa kitu kipindi kizima, atafanya nini kama si kucheza?

Kesho yake nilimwomba radhi yule mvulana mbele ya darasa, kwa Kiswahili cha sokoni, kile kinachotumika kutoka Arua hadi Ariwara. Kwa mara ya kwanza darasa lilinyamaza.

Niliwagawa katika makundi ya watoto kumi hivi, kila kundi na kiongozi anayeelewa Kiingereza kidogo. Yeye alikuwa wa kwanza kuchaguliwa. Nilijifunza majina kumi kila siku. Badala ya kupiga kelele, nilipiga makofi, nao wakajibu kwa makofi. Kelele hazikuisha, hasa msimu wa maembe, lakini madaftari yalianza kujaa.

Mwaka 2016 viboko shuleni vilipigwa marufuku kwa sheria. Ninapompokea mwalimu mpya anayelalamikia darasa tundu, namwuliza kwanza: wanakuelewa? Yule mvulana hakuwahi kunitajia viboko vile vitatu. Mimi ndiye ninayevikumbuka.