Mwalimu Mgeni Mjini Kampala: Barua Yako ya Kazi Iko Wapi?



Wengi wetu tunaofanya kazi mashambani na viwandani tuna watoto shuleni. Tunakata miwa, tunachuma chai, tunasimama mbele ya mashine usiku na mchana, na fedha nyingi tunazopata zinakwenda kwenye karo. Nia yetu ni moja: mtoto asome, apate kazi ya kalamu, asiumie kama tulivyoumia sisi. Kwa hiyo leo tunawaletea habari za binti mmoja aliyefika huko tunakotaka watoto wetu wafike. Amekuwa mwalimu, naye anafundisha katika mji mkuu, Kampala. Tulikwenda kumtembelea. Ametuomba tusimtaje jina, wala shule yake, nasi tumekubali.

KUTOKA KAMBI ZA MIWA

Binti huyu alizaliwa katika kambi za mashamba ya miwa ya Busoga. Baba yake ni mkata miwa na mwanachama wa chama chetu kwa miaka mingi. Katika kambi ile wanakaa watu wa makabila mengi: Wasoga, Wateso, Waacholi, watu wa West Nile na wengine waliotoka ng'ambo ya mipaka. Kwa sababu hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya kisimani, ya uwanja wa mpira na ya mikutano ya tawi. Yeye alikijua kabla hajaanza darasa la kwanza. Alipokwenda chuo cha ualimu alichagua kusomea Kiswahili, na watu kambini walicheka, wakasema anakwenda kusomea kitu anachokijua tayari.

Lakini hesabu yake ilikuwa sawa. Katiba ya Uganda ilipobadilishwa mwaka 2005 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 ukaja mtaala mpya wa shule za sekondari, ukaagiza wanafunzi wote wa kidato cha kwanza na cha pili wasome Kiswahili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri nalo likakubali kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Shule zikaanza kutafuta walimu, na walimu hawakutosha. Binti wa mkata miwa akaitwa Kampala.

Siku ya kuondoka wazee wa kambi walimchangia nauli. Mama yake alimfungia viazi vitamu na karanga katika gunia. Watu walimwita "mwalimu wetu", maana walimhesabu kuwa wa kambi nzima.

MJI WA VILIMA NA MABONDE

Kutoka Jinja mpaka Kampala ni kilomita 80 hivi. Gari linavuka mto Nile juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, linapita msitu wa Mabira, Lugazi na Mukono, halafu nyumba zinaanza kushikana na hazikatiki tena. Mwalimu alishushwa katikati ya mji, karibu na kituo cha zamani cha taksi. Huko mabasi madogo ya abiria 14 yamejazana kama mchwa, na kila kondakta anaita jina la mahali pasipojulikana na mgeni. Alisimama na gunia lake la viazi kwa muda mrefu. Aliuliza njia kwa Kiswahili, watu wakamwangalia wakapita. Aliuliza kwa Kiingereza, kijana mmoja wa bodaboda akamtajia nauli kubwa mno.

Aliyemsaidia ni mama mmoja muuza ndizi. Alimwambia kwamba katika mji huu salamu hutangulia swali. Akamfundisha kusema "Wasuze otya, nnyabo" kwa mwanamke na "ssebo" kwa mwanamume, ndipo aulize anachotaka. Mwalimu anasema hilo lilikuwa somo lake la kwanza mjini, na aliyemfundisha alikuwa ameketi chini juu ya mkeka. Tangu siku ile milango mingi ilifunguka.

Watu husema Kampala ni mji wa vilima saba. Ni kweli, lakini mgeni mwenye mshahara mdogo hakai kilimani. Kilimani kuna majumba, makanisa, misikiti na ofisi. Watu wa kazi wanakaa bondeni. Mwalimu alipata chumba Bwaise, upande wa Kawempe, cha aina ile inayoitwa mjini "muzigo", yaani chumba kimoja katika safu ya vyumba, choo cha pamoja na bomba la pamoja. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu kwa mpigo. Hakuwa nayo. Alikopa kwa mwalimu mwenzake, akaanza maisha ya mjini na deni.

Bwaise ni mahali pa chini, na maji ya vilima vinavyoizunguka hukimbilia huko kabla hayajaingia mfereji wa Lubigi. Alihamia wakati wa kiangazi, hakuona kitu. Mvua ilipokuja aliamka usiku akakuta maji yameingia kupita mlangoni, viatu vinaelea, na vitabu vya wanafunzi alivyoleta kusahihisha vimelowa. Maji hayo ni machafu, maana mvua ikizidi vyoo navyo hufurika. Asubuhi jirani yake, mama mwenye watoto wanne, alimwonyesha alama ya udongo ukutani, karibu na magoti. Akamwambia: kabla ya kulipa kodi Bwaise, tazama ukuta kwanza. Kisha akamsaidia kujenga kizingiti cha matofali mlangoni, kama walivyofanya wengine wote katika safu ile.

DARASANI

Shule yake ni ya sekondari ya mtu binafsi. Wanafunzi wamejaa, madawati hayatoshi. Siku ya kwanza alipoingia na kusema "Habari za asubuhi", darasa lilicheka. Mvulana mmoja aliinuka akapiga saluti kama askari.

Wasomaji wetu wazee wataelewa maana yake. Katika Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu siku za King's African Rifles, chini ya Waingereza. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile watu wengi wa Kampala walikisikia kutoka kwa mwenye bunduki aliyegonga mlango usiku. Jambo kama hilo halisahauliki upesi. Wazazi waliwasimulia watoto, na watoto wakaja shuleni na hofu iliyogeuka mzaha.

Mwalimu hakukasirika. Aliwaambia waandike majina ya vitu vya nyumbani kwa Luganda. Waliandika emmeeza, ekitabo, ssukaali, essabbuuni, essowaani, ddirisa, essaawa. Kisha yeye akaandika pembeni: meza, kitabu, sukari, sabuni, sahani, dirisha, saa. Darasa likanyamaza. Waliona kwamba lugha waliyoicheka walikuwa wakiila na kuioga kila siku. Maneno hayo hayakuletwa na bunduki. Mengi yaliletwa na wafanyabiashara wa pwani waliofika Buganda katika karne ya 19. Aliyepiga saluti ndiye leo anayekusanya madaftari.

MSHAHARA HAUONEKANI

Basi hapo ndipo habari ingeweza kwisha vizuri. Haikuisha.

Mwezi wa kwanza mwalimu alilipwa nusu, akaambiwa nusu nyingine itakuja wazazi wakimaliza karo. Mwezi wa pili hakulipwa. Mwezi wa tatu akapewa kidogo mkononi, bila karatasi yoyote. Alipouliza, aliambiwa kwamba ualimu ni wito. Alikula chapati na chai asubuhi, posho na maharagwe ya shuleni mchana, na usiku mara nyingi alilala hivyo hivyo. Nyumbani hakutuma kitu. Simu ya mama ikilia, hakuipokea kwa aibu. Kambini watu wakaanza kusema mwalimu wetu ameonja mji, ametusahau.

Baba yake hakusema kitu. Alipopata siku zake za likizo alipanda gari akaja Kampala mwenyewe. Aliona chumba, akaona alama ya maji ukutani, akaona sufuria tupu. Alikaa kitandani, kwa kuwa kiti hakikuwapo. Kisha akauliza swali moja: "Mwalimu, barua yako ya kazi iko wapi?"

Hakuwa nayo. Hakuwahi kupewa, wala hakuwahi kuidai.

Mzee yule alisoma miaka mitatu tu shuleni. Lakini nyumbani kwake, ndani ya sanduku la bati, amehifadhi barua yake ya kuajiriwa, kadi ya chama, kadi ya NSSF na hati za mshahara za miaka mingi. Chama kilimfundisha hivyo. Binti yake ana cheti cha chuo na hana hata karatasi moja inayoonyesha kwamba yuko kazini.

Mwalimu alituambia kwamba alilia siku ile, si kwa sababu ya njaa. Tangu utoto alidhani mkata miwa ndiye mfanyakazi, na mwalimu ni mtu wa namna nyingine. Vyama, mikutano na madai aliviona ni mambo ya baba.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haitenganishi jembe na chaki. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi kabla ya wiki 12 kupita tangu aanze kazi: kazi gani, mshahara kiasi gani, unalipwa lini. Mfanyakazi ana haki ya kupewa hati inayoonyesha mshahara na makato yake. Na tangu sheria ya NSSF ilipobadilishwa mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye wafanyakazi wachache, lazima awachangie: asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na asilimia 5 kutoka kwenye mshahara.

Wenye nyumba nao wana sheria yao ya mwaka 2022. Kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji hatolewi nyumbani bila amri ya mahakama.

Lakini sheria haitembei yenyewe. Tukumbuke shule zilipofungwa kwa ugonjwa wa korona, kuanzia Machi 2020 mpaka zilipofunguliwa zote Januari 10, 2022. Walimu wa serikali waliendelea kupata mshahara. Walimu wengi wa shule za binafsi waliachwa hivi hivi, wakauza matunda, wakaendesha bodaboda, na wengine hawakurudi tena darasani. Mwezi wa Juni 2022 walimu wa chama cha UNATU waligoma kwa sababu serikali iliwaongezea mshahara walimu wa sayansi, ikawaacha wale wa lugha na masomo mengine. Hata walimu wa serikali, wenye chama, waligawanywa. Asiye na chama kabisa atapata wapi nguvu?

WALIVYOFANYA

Kwa ushauri wa baba yake, mwalimu hakwenda ofisini peke yake. Aliongea kwanza na wenzake, mmoja mmoja. Ikaonekana wote wana shida ile ile, na kila mtu alidhani ni yake peke yake. Walimu saba waliandika barua moja, wakaitia sahihi zote. Waliomba kwa adabu barua za kazi, tarehe ya malipo, na michango ya NSSF. Nakala waliiandaa kwa afisa wa kazi wa mji.

Hatutaki kuwadanganya. Hawakupata yote. Mwalimu mmoja aliogopa, akafuta sahihi yake. Malimbikizo ya miezi ya nyuma yalilipwa sehemu tu, na madai mengine yangali kwa afisa wa kazi. Lakini barua za kazi zilitoka, na mshahara sasa una tarehe. Wale sita wameanzisha kikundi cha kuweka na kukopa, na mtu akiugua wengine wanamshikia vipindi vyake. Mwalimu amehamia chumba kingine, juu kidogo, ambako ukuta hauna alama ya maji.

Na mwisho wa mwezi uliopita alituma fedha nyumbani. Si nyingi. Mama alinunua sukari, akagawa chai kwa majirani waliochanga nauli.

KWA WANACHAMA WENYE WATOTO

Tunawaomba mzungumze na watoto wenu kabla hawajaondoka. Waambieni haya:

Asianze kazi bila kuuliza barua, na kila karatasi aliyopewa aitunze.

Akifika mtaa mpya, ajitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1 na kwa majirani. Mgeni asiyejulikana hana wa kumtetea.

Atazame ukuta kabla ya kulipa kodi, na adai risiti.

Asione haya kusema nyumbani kwamba hajalipwa. Aibu ni ya mwajiri asiyelipa.

Atafute wenzake. Asubiri kwanza shida imfike shingoni, atakuwa amechelewa.

Tulipoagana naye jioni, mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari kwa taa ya simu, kwa kuwa umeme wa Yaka ulikuwa umekwisha. Ukutani, juu ya kitanda, ametundika barua yake ya kazi ndani ya karatasi ya nailoni ili isilowe. Alisema nakala amempelekea baba, naye ameiweka katika sanduku la bati pamoja na ya kwake.

Umoja ni nguvu.