Namba 117: Elementi Inayojulikana kwa Uzao Wake

Ukifungua jedwali la elementi lililochapishwa miaka ya karibuni, teremka hadi safu mlalo ya saba, kisha uelekee kulia. Nafasi ya pili kutoka ukingoni imeandikwa Ts, namba 117. Hiyo ni tenesini. Juu yake, katika safu wima hiyohiyo, zimepangana florini, klorini, bromini, iodini na astatini. Mwanafunzi wa sekondari ataweza kukutajia tabia ya ukoo huo: ni halojeni, zina uchu wa elektroni moja, na zikikutana na metali hutengeneza chumvi. Ukimuuliza kuhusu tenesini, huenda akajibu kwa kufuata nasaba: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kuna kila dalili kwamba atakuwa amekosea. Sura hii inaeleza jinsi nafasi hiyo ilivyojazwa, na kwa nini kuijaza hakukutosha kutujulisha tabia ya aliyemo.

Protoni 20 na protoni 97

Elementi hutambulishwa na jambo moja tu, nalo ni idadi ya protoni katika kiini cha atomi yake. Yenye 79 ni dhahabu. Ukiongeza moja, ni zebaki. Protoni zote zina chaji chanya, kwa hiyo husukumana. Kinachozizuia zisitawanyike ni nguvu ya nyuklia, inayozifunga pamoja na nyutroni. Nguvu hiyo ni kali sana, lakini haifiki mbali: kila chembe hushika jirani zake wa karibu tu, ilhali msukumano wa protoni huenea kiini kizima. Kiini kinaponenepa, msukumano hupata nguvu, na hatimaye hukipasua.

Vinu vya nyuklia vinaweza kutengeneza elementi nzito kuliko uraniamu kwa kukilisha kiini nyutroni moja baada ya nyingine. Njia hiyo hukomea kwenye fermiamu, namba 100. Anayetaka kwenda mbele zaidi hana budi kugonganisha viini viwili vyenye jumla ya protoni anazozihitaji, akitumaini kwamba vitaungana. Kwa namba 117, hesabu iliyofaa ilikuwa 20 na 97, yaani kalsiamu na berkeliamu.

Kalsiamu iliyotakiwa si ile ya kawaida. Ni isotopu iitwayo kalsiamu-48, ambayo haifiki hata asilimia 0.2 ya kalsiamu yote iliyomo duniani. Ina protoni 20 na nyutroni 28, na idadi zote mbili ni miongoni mwa zile zinazokipa kiini uimara wa pekee. Tena ina nyutroni nyingi kupita kiasi kwa elementi nyepesi, na nyutroni ndizo zinazohitajika ili mtoto mzito atakayezaliwa asipasuke papo hapo. Kwa kutumia boriti ya kalsiamu-48, wanasayansi wa Taasisi ya Pamoja ya Utafiti wa Nyuklia, mjini Dubna nchini Urusi, wakiongozwa na Yuri Oganessian na wakishirikiana na wenzao wa maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani, walikuwa wametangaza elementi kadhaa mpya. Mwaka 2006 walitangaza hata namba 118. Namba 117 ikabaki pengo katikati, kwa sababu berkeliamu ya kutosha haikuwepo.

Miligramu 22

Berkeliamu haichimbwi popote. Isotopu inayofaa, berkeliamu-249, hupatikana kama zao la pembeni pale kinu cha nyuklia kinapotengeneza kaliforniamu, na vinu vyenye uwezo huo ni vya kuhesabika. Kimojawapo kiko katika Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, jimboni Tennessee. Joseph Hamilton, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt katika jimbo hilohilo, alikuwa kiungo kati ya Oganessian na maabara hiyo. Oak Ridge ilipoanza tena kutengeneza kaliforniamu, mlango wa berkeliamu ukafunguka.

Mnururisho ndani ya kinu ulichukua siku 250, ukamalizika Desemba 2008. Ilibidi kusubiri siku 90 ili mionzi ipungue, kisha siku 90 nyingine za kuitenganisha berkeliamu na elementi zilizochanganyika nayo. Kilichopatikana ni miligramu 22. Na kuanzia hapo hapakuwa na muda wa kupoteza, kwani nusu ya berkeliamu-249 yoyote hugeuka kaliforniamu katika muda wa siku zipatazo 330.

Mzigo ukasafirishwa kwa ndege ya abiria kutoka New York kwenda Moscow mwezi Juni 2009. Hati hazikukamilika, forodha ikaukataa, ukarudishwa. Hadi ulipokubaliwa ulikuwa umevuka Atlantiki mara 5. Kutoka Moscow ulipelekwa Dimitrovgrad, ambako mafundi waliipaka berkeliamu kama utando mwembamba juu ya karatasi ya titaniamu. Mwishoni mwa Julai shabaha hiyo ilikuwa Dubna, mbele ya saiklotroni.

Atomi 6 katika siku 150

Saiklotroni huzipa ayoni za kalsiamu kasi inayofikia takriban sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga. Kasi ikiwa ndogo mno, viini husukumana na kupishana. Ikizidi, kiini kipya huzaliwa na joto la kukipasua. Hata kwa kasi inayofaa, karibu kila mgongano huishia pabaya. Matrilioni ya ayoni yalirushwa kila sekunde, usiku na mchana, kwa siku 150. Zilizaliwa atomi 6.

Walizijuaje? Nyuma ya shabaha kuna kichujio chenye gesi na sumaku, kinachopotosha njia ya kalsiamu na takataka nyingine na kuacha viini vizito vipite. Kiini kizito hujipachika kwenye kipokezi cha silikoni, na mahali kilipotua na wakati wake hurekodiwa. Baada ya sehemu ndogo ya sekunde hutoa chembe ya alfa, yenye protoni 2, na kugeuka elementi namba 115. Hiyo nayo hutoa alfa na kuwa 113, kisha 111, na kuendelea hadi kiini kimojawapo kitakapopasuka vipande viwili. Kila mwozo hutokea pale pale, kwa nishati yake maalumu na baada ya muda wake maalumu. Kwa hiyo mzazi hakuonekana kamwe. Alitambuliwa kwa watoto na wajukuu wake, kwa mfululizo ambao hakuna nasaba nyingine ingeweza kuutoa.

Atomi 5 zilikuwa tenesini-293 na moja tenesini-294. Ugunduzi ulitangazwa Aprili 2010. Jaribio liliporudiwa Dubna mwaka 2012, jambo la kuvutia lilitokea: sehemu ya berkeliamu iliyokuwa tayari imegeuka kaliforniamu, namba 98, iligongwa na kalsiamu na kuzaa atomi ya 118. Mwaka 2014 kituo cha GSI huko Darmstadt, Ujerumani, kilipata tenesini-294 kwa mashine zake chenyewe. Desemba 2015 muungano wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, ukaitambua rasmi elementi hiyo, na Novemba 2016 ukaidhinisha jina linalolienzi jimbo la Tennessee. Mwisho wa jina hilo ulifuata kanuni ya halojeni, kwa sababu ya safu wima iliyomo, si kwa sababu kuna aliyewahi kuipima.

Jamaa asiyefanana na jamaa

Tatizo la kuipima ni muda. Nusumaisha ya tenesini ni makumi machache tu ya milisekunde. Majaribio ya kikemia kwa atomi moja moja yamekwishafanywa kwa moskoviamu, namba 115, ambayo isotopu yake iliyotumika hudumu takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Tenesini hufa kabla ya gesi kuifikisha kwenye vipokezi vya aina hiyo. Tunachokijua kuhusu kemia yake kimetokana na nadharia, na nadharia hiyo ina misingi thabiti.

Kiini chenye protoni 117 huvuta elektroni za ndani kwa nguvu kubwa hivi kwamba hukimbia kwa kasi ya takriban asilimia 85 ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo kanuni za Einstein haziwezi kupuuzwa: elektroni huwa kama imeongezeka uzito, na mzingo wake hujikunyata kuelekea kiini. Athari hiyohiyo, ikiwa ndogo zaidi, ndiyo inayoipa dhahabu umanjano wake na kuifanya zebaki iwe kimiminika. Kwenye tenesini inafika hadi elektroni za nje. Zile 5 ambazo katika iodini ziko karibu katika ngazi moja ya nishati hugawanyika makundi mawili: 2 huzama na kutulia, na 3 hubaki juu, zikiwa zimeshikwa kwa ulegevu.

Matokeo yake ni makubwa. Iodini hunyakua elektroni ya kukamilisha idadi yake kwa urahisi. Tenesini inatarajiwa kuipokea kwa shingo upande, na badala yake kuwa tayari zaidi kutoa moja ya zake. Mahesabu yanaielekeza kwenye sura ya metali au nusumetali. Hata kampaundi yake na atomi 3 za florini inatabiriwa kuwa na umbo la pembetatu bapa, wakati ile ya iodini ina umbo la herufi T.

Lakini maisha mafupi si mwisho wa habari. Katika mnyororo ulioonekana Darmstadt, kizazi cha mwisho kilikuwa lorensiamu-266, yenye nusumaisha ya saa 11 hivi. Wanafizikia walikuwa wametabiri tangu miaka ya 1960 kwamba viini vizito vyenye nyutroni karibu 184 vitakuwa imara zaidi. Tenesini-294 ina 177, na uzao wake unaunga mkono utabiri huo.

Safu ya nane

Tenesini ilikamilisha safu mlalo ya saba, na pia ilionyesha mwisho wa njia iliyoizaa. Kupata 119 kwa kalsiamu kunahitaji shabaha ya einsteiniamu, namba 99, ambayo haipatikani kwa kiasi cha kutosha. Ndiyo maana maabara zimegeukia boriti nzito zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Berkeley, California, walirusha titaniamu-50 kwenye plutoniamu na kupata atomi 2 za livermoriamu, namba 116, katika siku 22. Hiyo ilikuwa ithibati kwamba njia mpya inapitika. Elementi ya 119 ikipatikana, itawekwa chini ya fransiamu, katika ukoo wa sodiamu na potasiamu, na namba yake itathibitishwa kwa uzao wake kama ilivyokuwa kwa 117. Kama nayo itafuata desturi za ukoo huo, hilo litajibiwa tu na isotopu itakayodumu muda wa kutosha kukutana na atomi nyingine.